Posho ya Mwanachuo Katika Nchi ya Wapagazi

Katika zama ambazo bidhaa, barua na habari zote za bara zilisafiri juu ya vichwa na mabega ya wanadamu, hapakuwa na msafara wenye heshima uliotoka Unyanyembe, katika nchi ya Wanyamwezi, kabla posho yake haijahesabiwa. Pembe zilipimwa kwa frasila, nguo za merikani na kaniki zikafungwa marobota, shanga zikatiwa mifukoni. Lakini juu ya hayo yote palikuwa na hesabu moja ambayo hapana kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, aliyethubutu kuipuuza, nayo ni hesabu ya kibaba cha nafaka kwa kila mtu kwa kila siku ya safari, ama kwa nafaka yenyewe, ama kwa nguo ya kununulia nafaka njiani. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, alikiandika kibaba hicho katika habari za safari yake. Na wote waliopita baada yake waliijua Mgunda Mkali, nyika kame iliyo kati ya Ugogo na Unyamwezi, ambako aliyeingia bila akiba ya chakula alijiingiza mwenyewe katika hilaki. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru wenye ujira na murua wao, na tajiri aliyewapunja posho aghalabu aliamka akakuta mizigo imelazwa chini na wenyewe wamekaa kivulini, au hawapo kabisa.

Tena watu hao waliujua mwaka wao. Kwa desturi walishika njia ya pwani baada ya mavuno, kiangazi kilipokwisha kukausha mito na ghala za nyumbani zikiwa zimejaa, wakajitahidi kurejea mvua za kwanza zisije zikawakuta mbali na majembe yao. Safari yao ilianza katika shibe, na ilipangwa imalizike kabla ya muhula wa njaa.

Sikonge, iliyo kama kilomita 70 kusini mwa Tabora, imo katika nchi hiyo hiyo ya wapagazi. Pande hizi ndiko msafiri Henry Morton Stanley alikoelekea aliposhika njia ya Ugunda Septemba 1871, akiikwepa vita ya Mtemi Mirambo iliyokuwa imeifunga njia ya Ujiji. Leo barabara ya lami imeufuta ule mwendo wa miguu, na mzigo mkubwa unaotoka wilayani ni tumbaku na asali ya misitu ya miombo. Lakini wapo wasafiri wa namna mpya: vijana wa kike na wa kiume waliotoka Kipili, Kitunda, Ipole na vijiji vingine wakaja mjini kusoma uuguzi katika chuo kilicho pamoja na hospitali ya Wamoravian, au ufundi katika Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, na wengine wakapitiliza hadi Tabora, Mbeya, Dodoma na Dar es Salaam kutafuta stashahada na shahada. Wasafiri hao, tofauti na wazee wao, wengi huanza safari bila mtu yeyote kukaa chini na kuwahesabia vibaba.

Sababu ya kwanza ya dhiki yao ni kalenda, na jambo hili halisemwi sana kwa kuwa wanaopanga mihula ya vyuo hawaipangi kwa kutazama shamba. Sikonge ina msimu mmoja wa mvua, ambao wenyeji huuita kifuku, unaoanza mnamo Novemba na kuishia Aprili. Mahindi huvunwa baada ya hapo, na tumbaku, iliyokwisha kukaushwa katika mabani na kufungwa mitumba, huuzwa katika masoko ya vyama vya msingi katikati ya mwaka. Fedha, basi, huingia nyumbani mara moja kwa mwaka, tena baada ya chama kukata deni la mbolea na pembejeo nyingine. Na mnunuzi akichelewesha malipo, kama inavyotokea msimu mmoja baada ya mwingine, familia nzima hukaa ikingojea. Vyuo navyo hufungua milango yake mwishoni mwa mwaka, yaani wakati ule ule baba anaponunua mbegu na kulipa vibarua wa kulima. Ikifika Januari na Februari, ghala limepungua, bei ya debe la mahindi imepanda, wadogo wa mwanachuo wanadaiwa sare na madaftari, naye mwenyewe yuko katikati ya muhula. Mzazi huyu hakukosa mapenzi wala hakuwa mvivu. Ameshikwa na mwaka ulio mrefu kuliko mfuko wake.

Athari ya kalenda hiyo huonekana waziwazi katika vyumba vya kupanga, vile ambavyo wanachuo wenyewe huviita geto, ambamo watatu au wanne huchanga kodi na kulala juu ya magodoro mawili. Pembeni mwa mlango pana jiko la mkaa, sufuria moja, ndoo ya maji na kiroba kilichotoka nyumbani kwa basi au kwa bodaboda. Ndani ya kiroba mna michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande vikaanikwa vibichi, na matobolwa, ambavyo huchemshwa kwanza kisha vikaanikwa. Pengine mna karanga na kichupa cha asali. Chakula hiki ndicho kilichowavusha Wanyamwezi na Wasukuma miaka mingi ya ukame, wala si cha kudharauliwa. Lakini kiroba kilichokusudiwa kumfaa mtu mmoja kwa miezi miwili hufunguliwa kwa watu wanne, kwa sababu haiyumkiniki kwa kijana mwenye malezi mema kutafuna peke yake ilhali mwenziwe anamtazama. Na kwa hivyo huisha katika majuma machache. Baada ya hapo huja kile wanachokiita kupiga pasi ndefu: chai kavu asubuhi au hata hiyo isiwepo, kisha mlo mmoja alasiri unaofanywa uwe wa mchana na wa usiku pia. Katika msimu wa maembe, ambao Mungu ameuweka karibu na kufunguliwa kwa vyuo, miembe ya Tabora husaidia kuliziba pengo. Lakini msimu huo nao hupita.

Penye geto hapakosi mama lishe, na penye mama lishe hapakosi daftari. Mazungumzo ya namna hii ni ya kila siku:

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Leo wali au ugali?”

“Ugali maharage, mama, ila uniandikie.”

“Nikuandikie hadi lini, nawe wasema baba hajalipwa tumbaku?”

“Wamesema mwezi ujao.”

Mama huguna, akapakua, akaandika. Yeye mwenyewe ana watoto, mkaa wa kununua na kodi ya kibanda, na maharage aliyoyatoa kwa mkopo aliyachukua dukani kwa mkopo. Katika hesabu zote zinazofanywa juu ya gharama za elimu nchini, sijaona safu iliyotengwa kwa wanawake hawa, ambao bila azimio wala bajeti wamekuwa wafadhili wa vyuo vyetu.

Pengine kinaya cha jambo hili ni kikali zaidi kwa mwanafunzi wa uuguzi kuliko kwa mwingine yeyote. Huyu huamka alfajiri, akapiga pasi sare yake mpaka ikasimama, akaenda kliniki ya mama na mtoto. Hapo huwapima watoto uzito, huwazungushia utepe mkononi kujua kama wana utapiamlo, kisha huwafundisha mama zao makundi ya vyakula: nafaka, jamii ya kunde, nyama na maziwa, mboga, matunda, mafuta. Huyasema yote kwa ufasaha kwa kuwa atatahiniwa kwayo. Na huenda tangu jana mchana hajatia kinywani ila kikombe cha uji. Akipangiwa zamu ya usiku wodini hutakiwa kuwa macho, asikosee kipimo cha dawa na asikasirike na mgonjwa. Ni nani kati yetu ambaye angependa kuchomwa sindano na mkono unaotetemeka kwa njaa? Walimu wa vyuo huwaona vijana wanaosinzia darasani, wanaoumwa kichwa kila Jumatatu, wanaosahau asubuhi walichokisoma usiku. Nao kwa haraka huandika kwamba kijana hana bidii.

Haya yote hufichwa, kwa sababu njaa ya kijana msomi ina fedheha ambayo njaa ya mkulima haina. Mkulima akikosa mvua, kijiji kizima kimekosa, wala hapana wa kumcheka. Bali mwanachuo akikosa mlo hukosa peke yake katikati ya watu waliovaa vizuri. Husema, “Nimeshakula,” na ukimkaribisha hujibu kwamba ameshiba. Kwa mabinti siri hiyo ina hatari nyingine. Nchi yetu ilipata kupiga kampeni redioni dhidi ya wanaume watu wazima wanaowanasa wasichana kwa zawadi, ikawaita mafataki, na jina likashika. Lakini aghalabu husahauliwa kwamba chambo cha fataki si simu wala vipodozi tu, bali mara nyingine ni sahani ya chipsi na kuku kwa binti ambaye hajala tangu jana.

Si kwamba wakubwa wa nchi hii hawakuwahi kulifikiri jambo la chakula cha msomi. Mwalimu Julius Nyerere, ambaye mwenyewe alisoma Tabora tangu 1937 na baadaye akafundisha katika shule ya Mtakatifu Maria mjini humo, alimfananisha kijana anayesomeshwa, katika miaka ya mwanzo ya uhuru, na mtu ambaye kijiji chenye njaa kimempa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu za kwenda mbali na kuwaletea wenziwe masurufu. Naye akila kisha asirejee, amekhini. Mfano huo umetumiwa mara nyingi kuwakumbusha wasomi deni lao, na ni haki kuwakumbusha. Lakini mfano una pande mbili, na upande wa kwanza ni wa kijiji: kwamba kilimlisha kabla ya kumtuma. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka yake ya mwanzo kiliutimiza upande huo, kwani wanafunzi walikula bwaloni kwa gharama ya serikali. Hata kabla ya hapo, Makerere, chuo kilichokuwa kikipokea vijana wa Tanganyika, kiliona mgomo mwaka 1952 kwa sababu ya chakula kibaya, na Abu Mayanja, aliyekuja kuwa mwanasiasa mashuhuri wa Uganda, akawa miongoni mwa waliofukuzwa. Vijana wale waliteta juu ya ubora wa kilichokuwa sahanini. Wajukuu wao huteta juu ya sahani yenyewe.

Mambo yalibadilika mnamo miaka ya mwanzo ya 1990, sera ya kuchangia gharama ilipoingia. Idadi ya vyuo na ya wanafunzi ikakua, jambo ambalo ni heri, bali bwalo halikukua pamoja nao. Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 ikaunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi Julai 2005, na tangu hapo fedha ya kujikimu, ambayo vijana huiita boom, imekuwa ndiyo kibaba cha mwanafunzi wa shahada. Katika mwaka wa masomo 2022/2023 kiwango chake kilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, nayo ni kwa chakula na malazi pamoja. Mtu anayeishi katika mji mkubwa, akishatoa kodi, nauli na sabuni, atajua mwenyewe kilichosalia kwa milo mitatu. Hata hivyo tusiwe wakosefu wa shukrani: boom imewasomesha watoto wa mafukara waliokuwa hawana njia nyingine, na huo ni mkopo utakaorejeshwa kwa kukatwa asilimia 15 ya mshahara wa mnufaika mpaka uishe.

Neno la Sikonge liko hapa: wanafunzi wake wengi hawamo katika hesabu hiyo. Gumzo la taifa juu ya njaa ya wanachuo huishia katika kuchelewa kwa boom, kana kwamba mwanachuo ni yule wa chuo kikuu tu. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 mikopo imefunguliwa kwa stashahada pia, katika fani zilizochaguliwa kuwa za kipaumbele, na hiyo ni hatua njema. Ila si kila fani imeingia. Mwanafunzi wa astashahada hana boom. Kijana wa chuo cha maendeleo ya wananchi, katika vyuo vile vilivyoanzishwa tangu 1975 ili mwananchi wa kawaida apate ujuzi, hana boom. Na hawa ndio watoto wa wakulima wadogo kuliko wote. Serikali imefuta ada hadi kidato cha sita, na mwaka 2021 ilitoa mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe kwa wanafunzi wa elimumsingi. Kijana aliyelelewa chini ya kivuli hicho huvuka mpaka wa chuo cha kati akajikuta juani, hana mwongozo, hana mkopo na hana bwalo.

Penye pengo kama hilo huingia wakopeshaji. Zamani mtu alimkopa jirani. Siku hizi mkopo uko mkononi, ndani ya simu, na unapatikana kwa dakika chache kabla akili haijatulia. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za mikopo ya mtandaoni kuwa zinaendesha shughuli bila leseni. Watu wenyewe walikwisha kuipa mikopo ya riba kali jina la kausha damu, na kijana aliyekopa apate kula Jumamosi akatumiwa ujumbe wa kumtisha na kumwaibisha kwa jamaa zake Jumatatu hahitaji kufafanuliwa jina hilo.

Wapo wasemao kwamba wanachuo wanajitakia, kwa kuwa hununua simu za bei, husuka nywele na huenda muziki mwisho wa juma. Hapana shaka wapo wafujaji, na kijana wa miaka ishirini aliyeshikishwa fedha ya miezi miwili kwa mara ya kwanza aweza kuimaliza kwa majuma mawili. Lakini hoja hiyo haimgusi asiye na boom ya kufuja, na hata kwa mwenye nayo inathibitisha kwamba kumgawia mtu fedha taslimu bila bwalo ni mpango dhaifu. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na aghalabu wanaowalaumu hawa vijana ni wale waliosoma wakati kengele ya chakula ilipolia mara tatu kwa siku.

Nchi tajiri nazo hazikusalimika na njaa ya wanachuo. Chuo Kikuu cha Michigan State huko Marekani kina ghala la chakula kwa wanafunzi wake wahitaji tangu 1993, na mamia ya vyuo vya nchi hiyo vimeiga. Ufaransa, wakati wa janga la korona mwaka 2021, iliwauzia wanafunzi wote mlo kwa yuro 1 katika mabwalo ya vyuo. Karibu zaidi nasi, Lamu, katika chuo cha Riyadha alichokiasisi Habib Swaleh, mtafuta elimu aliyetoka mbali alipata maskani na chakula pamoja na kitabu. Njia za watu hawa ni mbalimbali, na jambo wanalokubaliana ni moja: chakula hutolewa kikiwa chakula, mahali anaposoma mtu.

Sikonge inaweza kufanya hivyo bila kungojea fedha za mbali, maadamu itatazama kalenda yake. Gunia la kilo 100 la mahindi, likisagwa dona, humtosha mtu anayekula nusu kilo ya unga kwa siku kwa muda wa siku 200, ambazo ni karibu siku zote za masomo za mwaka. Gunia hilo Juni liko uani kwa mkulima, na bei yake ni ya chini. Februari lile lile hununuliwa sokoni kwa bei inayomtoa mtu machozi. Basi chuo na kipokee gunia wakati wa mavuno, pamoja na debe la maharage na karanga, kiyahifadhi ghalani na kumwandikia mzazi stakabadhi. Chama cha msingi, ambacho tayari kinajua kukata deni la mbolea katika malipo ya tumbaku, kikate kwa ridhaa ya mkulima na fungu la chakula cha mtoto wake, kabla fedha haijaanza kugawanyika. Chuo chenye ardhi kiilime, kama Elimu ya Kujitegemea ilivyoagiza 1967, ila mazao yaishie sufuriani na hesabu zake zisomwe mbele ya wanafunzi. Mama lishe wapewe zabuni ya kupika, kwa kuwa hakuna ajuaye kulisha wengi kwa kidogo kuliko wao. Na Bodi ya Mikopo, ikipanua milango yake, ianzie kwa astashahada, na ilipe kabla ya mwezi kuanza badala ya kulipa madeni ya mwezi uliokwisha.

Hayo hayatamtoshea yatima, wala kijana ambaye nyumbani kwao hapana gunia hata Juni. Kwa hao misikiti na makanisa, halmashauri na wafanyabiashara wa tumbaku na asali wana fungu la kutoa, wala si sadaka ya siku moja yenye picha, bali ahadi ya mwaka iliyoandikwa. Mgonjwa wa Kitunda atakayehudumiwa miaka mitatu ijayo atahudumiwa na binti anayesoma sasa, na mapato ya wilaya hii hayana kazi ya awali kuliko kumfikisha binti huyo kwenye mtihani wa mwisho akiwa na nguvu zake. Mkutano wa wazazi unaofaa kuliamua jambo hili, kwa hiyo, si ule wa Oktoba wa kusomeana orodha ya michango. Uitishwe Juni, kabla wachuuzi hawajamaliza kupita vijijini na mizani zao.